DUKA LINAPOUGUA: TUPIME KABLA YA KUTIBU

Sifa njema zote anastahiki Allah Mtukufu, Aliyetuhalalishia biashara na Akaifanya kuwa njia ya riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyefanya biashara kabla ya kupewa Utume na akajulikana kwa uaminifu wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ipo hali inayojirudia katika jamaa za misikiti yetu, nayo haizungumzwi hadharani. Mtu ana duka la nguo, la vipuri au la nafaka. Miaka mingi amekuwa akisali safu ya mbele, akichangia mkeka, maji na futari. Kisha anaanza kukosekana. Kwanza haonekani alfajiri, halafu haonekani isha, mwisho anaswali Ijumaa katika msikiti wa mtaa mwingine. Watu hudhani amesafiri. Ukweli ni kwamba yule anayemdai anasali safu ile ile, naye hana uso wa kumtazama. Biashara yake imeugua, na ugonjwa huo umemtoa katika jamaa.

Hasara ya duka moja haikomi kwa mwenye duka. Nyuma yake kuna mke na watoto, kijana aliyeajiriwa dukani, mwenye duka la jumla aliyetoa mali kauli, na mjane aliyeweka akiba yake kwa muungwana anayemwamini. Kwa hiyo si haki kulifanya jambo hili kuwa siri ya mtu mmoja. Ni jambo la kupimwa kwa akili na kutibiwa kwa utaratibu, kama yanavyopimwa maradhi ya mwili.

DAWA TATU ZISIZOTIBU

Mgonjwa asiyepimwa hupewa dawa za kubahatisha. Kwa upande wa biashara, watu wetu wana dawa tatu wanazozikimbilia.

Ya kwanza ni kumtafuta mchawi. Mauzo yakipungua, husemwa kuwa jirani amelifunga duka. Hapo huitwa mganga wa kuzindika, hutundikwa hirizi juu ya mlango, na huzikwa vitu kizingitini. Fedha za mganga hutoka katika mtaji ule ule unaopungua. Hatukanushi kwamba husuda ipo, na dua za kujikinga nayo tumefundishwa. Lakini husuda haijawahi kuandika deni katika daftari la mtu, wala haijawahi kununua katoni ishirini za bidhaa ambayo mtaani hainunuliwi. Mwenye kutundika hirizi amefanya makosa mawili: ameitia doa itikadi yake, na amejinyima nafasi ya kuujua ugonjwa wenyewe.

Ya pili ni mkopo mpya. Mtu anadaiwa na mwenye duka la jumla, anakopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili amlipe. Kisha anakopa kwingine ili amlipe yule wa mtaani. Watu wa Tanzania wameipa mikopo ya aina hii jina lake stahiki: kausha damu. Mbali na uharamu wa riba, ambao hauhitaji maelezo kwa wasomaji wa kurasa hizi, liko swali la kawaida kabisa: ikiwa duka halikuweza kulipa deni la kwanza lisilo na nyongeza, litawezaje kulipa la pili lenye nyongeza?

Ya tatu ni kimya. Mwenye duka huzima simu, humwagiza kijana wake aseme bosi hayupo, na hata mkewe haelezwi. Kimya hiki huitwa sitara, lakini sitara ya namna hii huteketeza. Mdai aliyeelezwa ukweli mapema aghalabu huvumilia. Mdai aliyedanganywa mara tatu hatavumilia mara ya nne, hata ukija na ukweli mtupu.

HESABU YA DUKA MOJA

Tuchukue mfano wa duka la rejareja ili jambo lieleweke. Duka lina mtaji wa shilingi 10,000,000. Kwa siku linauza bidhaa za shilingi 300,000, na katika kila shilingi 100 ya mauzo, shilingi 12 ndizo zinazobaki baada ya kutoa bei ya kununulia. Basi kwa siku hubaki shilingi 36,000.

Sasa tuyatazame matumizi kwa siku. Kodi ya pango ni shilingi 10,000, mshahara wa kijana 5,000, umeme 2,000, usafiri na upakizi 5,000. Jumla ni 22,000. Ukitoa katika zile 36,000, zinabaki 14,000. Duka hili, kwa hakika, ni zima. Linaleta faida.

Lakini kila jioni mwenye duka huchukua katika droo shilingi 20,000 kwa ajili ya nyumbani. Haziandiki, kwa sababu anaona ni fedha zake. Basi kila siku anachukua shilingi 6,000 zaidi ya faida. Kwa mwezi ni 180,000, na kwa mwaka wa siku 360 ni 2,160,000. Fedha hizo hazitoki katika faida, kwani faida imekwisha. Zinatoka katika mtaji. Haujatimia mwaka wa tano, mtaji wote wa milioni kumi umekwisha kuliwa. Na kwa kweli hautafika huko, maana rafu zikianza kuwa tupu wateja nao huhama, na yale mauzo ya 300,000 hushuka hadi 200,000, kisha 100,000.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi ugonjwa ulivyojificha. Mauzo yapo, wateja wapo, bei ni nzuri, na mwenye duka si mlevi wala mcheza kamari. Analea familia yake, jambo la wajibu. Ila analea kwa mtaji, naye anadhani analea kwa faida. Mtu huyu ukimpa mkopo wa milioni tano, utakuwa umemwongezea muda wa kula mtaji, na mtaji wenyewe sasa ni wa mtu mwingine.

MARADHI MANNE NA DALILI ZAKE

Maradhi ya biashara ni mengi, lakini mengi kati yake huangukia katika mafungu manne, na kila fungu lina dalili zake.

La kwanza ni kupungua kwa mauzo. Dalili yake ni kwamba bidhaa zipo, bei haijabadilika, lakini watu hawaingii. Hapa aulizwe mteja, si mganga. Huenda barabara imehamishwa, huenda kituo cha daladala kimeondolewa, huenda jirani amefungua duka lenye bidhaa nyingi zaidi, au huenda kijana wa dukani anawajibu watu vibaya. Wateja kumi walioacha kuja wakiulizwa kwa upole, sababu itajulikana kwa siku mbili.

La pili ni faida ndogo mno. Dalili yake ni pilikapilika nyingi na droo tupu. Mwenye duka anauza sana kwa sababu anauza rahisi, na anauza rahisi kwa sababu hajui gharama kamili ya bidhaa yake. Anaijua bei ya kununulia. Hajaongeza nauli, upakizi, ushuru, na kile kinachoharibika au kupotea.

La tatu ni matumizi kuizidi faida, yakiwemo ya nyumbani. Huu ndio ugonjwa wa duka la mfano wetu. Dalili yake ni rafu zinazopungua mwaka hadi mwaka ilhali mauzo ya kila siku yanaonekana mazuri.

La nne ni fedha kufungwa. Kwa hesabu ya karatasi mtu ni tajiri, lakini hana shilingi ya kulipa mzigo wa kesho. Fedha zake zimelala mahali pawili: katika daftari la wanaodaiwa, na katika bidhaa zisizonunuliwa zilizojaa vumbi stoo. Wengine wana mahali pa tatu: wametoa fedha dukani wakaanza nyumba, na nyumba imesimama kwenye lenta. Mtu wa namna hii huyaona matofali yake, lakini matofali hayalipi mzigo wa sukari.

Kila fungu lina tiba yake, na tiba ya moja ni sumu kwa jingine. Mwenye faida ndogo mno akipunguza bei ili avute wateja, ameharakisha kifo chake. Mwenye fedha zilizofungwa akinunua bidhaa zaidi ili duka lionekane limejaa, amezifunga nyingine. Ndiyo maana tukasema: tupime kabla ya kutibu.

WAKUBWA NAO HUUGUA

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya wenye maduka madogo wasio na elimu. Jirani zetu wa Kenya wameona makampuni makubwa ya maduka yakianguka kwa maradhi haya haya.

Nakumatt ilianza Nakuru kwa biashara ya magodoro, na jina lake limetokana na mji huo na bidhaa hiyo. Ilikua hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilichukua hata maduka ya Shoprite yaliyokuwa Tanzania. Kampuni hii ilipata misukosuko ambayo haikujitakia: tawi lake moja la Nairobi liliteketea kwa moto Januari 2009, na jingine liliharibiwa katika shambulio la Westgate Septemba 2013. Lakini misukosuko hiyo siyo iliyoimaliza. Ilikuwa ikipanuka kwa fedha za mikopo na za wasambazaji ambao bidhaa zao zilikwisha kuuzwa bila wao kulipwa. Mwaka 2017 wasambazaji walichoka, rafu zikabaki tupu, na wenye majengo wakaanza kuyafunga matawi. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuivunja. Miongoni mwa wadai hao walikuwemo wafanyabiashara wadogo waliompelekea mkubwa mali zao wakimwamini kwa ukubwa wake.

Kisa cha Uchumi kina mafunzo mawili. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1975, na Juni 2006 ilifunga milango kwa kuelemewa na madeni. Wengi walidhani imekufa. Lakini serikali, mabenki na wasambazaji walikaa pamoja wakakubaliana kuipa muda, matawi yakafunguliwa tena, na mwaka 2011 ikarejea katika Soko la Hisa la Nairobi. Hilo ni funzo la kwanza: mgonjwa aliyejulikana ugonjwa wake, na wadai wake wakashirikishwa, anaweza kuinuka. Funzo la pili ni chungu. Mwaka 2015 hali ilirudi kuwa ile ile: wasambazaji walikuwa hawalipwi, mkurugenzi mtendaji akaondolewa, na Oktoba mwaka huo matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Aliyepona akirudia mwenendo uliomwuguza, ataugua tena.

Kati ya Nakumatt na duka la mtaani tofauti ni ukubwa wa tarakimu tu. Fedha za watu zilipokelewa, zikatumiwa kana kwamba ni za nyumbani, na siku ya kulipa ikafika.

UTARATIBU WA TIBA

Hatua ya kwanza ni kufunga duka siku moja na kuhesabu. Ihesabiwe kila bidhaa kwa bei yake ya kununulia. Ziandikwe fedha taslimu, za droo na za simu. Yaandikwe madeni yanayotegemewa kulipwa, na yatengwe yale yasiyo na matumaini. Kisha yaandikwe yote anayodaiwa, bila kuficha hata moja. Kitakachobaki baada ya kutoa madeni hayo ndicho alicho nacho kwa kweli. Siku hii ni chungu, na wengi huikimbia kwa miaka.

Hatua ya pili ni kutenganisha mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Mwenye duka ajipangie posho isiyozidi faida, aiandike, na asiongeze. Katika mfano wetu, akichukua shilingi 10,000 kwa siku badala ya 20,000, duka litabakiwa na 4,000 kila siku, yaani 120,000 kwa mwezi za kurudisha bidhaa rafuni. Jambo hili halitawezekana kwa siri. Lazima mke aelezwe, na watoto wakubwa waelezwe. Familia iliyoshirikishwa hupunguza yenyewe. Iliyofichwa hudai kama kawaida.

Hatua ya tatu ni kuzifungua fedha zilizofungwa. Bidhaa iliyolala mwaka mzima iuzwe hata kwa bei ya kununulia, na ikibidi chini yake kidogo, mradi mnunuzi aelezwe kasoro yake. Wadaiwa waendewe mmoja mmoja kwa upole. Na ukopeshaji mpya usimame, au uwe kwa maandishi. Tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kulishuhudisha. Ajabu ni kwamba watu wanaoihifadhi aya hiyo kwa moyo ndio wanaokopeshana kwa mdomo, wakihofia kwamba kuandika ni kumdhania ndugu vibaya. La hasha! Kuandika ni kumhifadhi ndugu.

Hatua ya nne ni kuwaendea wadai kabla hawajaja. Aende na karatasi yenye hesabu kamili, aseme anadaiwa kiasi gani, ana nini, na anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Asitaje kiasi kikubwa ili awapendeze. Ahadi ndogo iliyotimizwa ina thamani kuliko kubwa iliyovunjwa. Na mdai naye akumbuke kwamba Qur'an imemtaka ampe muda mwenye dhiki, na ikamwambia kwamba kusamehe ni bora zaidi kwake.

Hatua ya tano, kwa baadhi ya watu, ni kufunga. Ikiwa baada ya kupima imeonekana kwamba biashara yenyewe haina tena nafasi, basi ifungwe mapema, wakati bado ipo mali ya kuwalipia watu. Kuendelea kupokea mali kauli huku ukijua huwezi kulipa hakuitwi subira wala tawakkul. Ni kula mali za watu. Abdur-Rahman bin Auf (RA) alifika Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari akataka amgawie nusu ya mali yake, naye akaomba tu aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa samli na jibini. Mwenye kufunga duka akiwa amelipa madeni anaweza kuanza tena hivyo. Mwenye kufunga baada ya kuwadhulumu watu, hata soko halitampokea.

ZAKA NI KIPIMO CHA KILA MWAKA

Tunasisitiza jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani. Muislamu mfanyabiashara amewekewa siku ya kupima duka lake kila mwaka, nayo ni siku ya zaka. Zaka ya mali ya biashara hutolewa asilimia 2.5, na haiwezi kujulikana mpaka bidhaa zihesabiwe, fedha zihesabiwe, na madeni ya kupokea na ya kulipa yatazamwe. Hesabu hiyo karibu ndiyo ile ile tuliyoitaja katika hatua ya kwanza ya tiba, isipokuwa katika zaka bidhaa hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku ile.

Basi mfanyabiashara anayekadiria zaka yake kwa jicho, akatoa noti kadhaa mwezi wa Ramadhani na kusema Allah atakubali, amekosa mara mbili. Hajui kama ametimiza haki ya maskini, wala hajui kama duka lake li hai. Laiti angehesabu kwa uaminifu kila mwaka, angeuona mtaji ukipungua tangu mwaka wa kwanza, wakati tiba ni rahisi.

WAJIBU WA MSIKITI

Kamati za misikiti zina zamu ya muadhini, ya usafi, ya ukarabati. Ni vyema ziwe pia na watu watatu waaminifu, mmoja wao akiwa mhasibu na mwingine mfanyabiashara mzoefu, ambao Muislamu aliyekwama anaweza kuwaendea bila kuaibishwa. Kazi yao isiwe kumchangia. Iwe kukaa naye, kuhesabu naye, na kwenda naye kwa wadai. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Lakini mfuko wa zaka hauwezi kumsaidia mtu ambaye hesabu yake haijulikani, na kamati nayo haina budi kuzuia zaka isitumike kufunika uzembe.

Ni kweli kwamba leo zipo njia za fedha zisizo na riba. Nchini Kenya benki zinazofuata sharia zilianza kazi mwaka 2008, na Tanzania Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011. Hilo ni la kumshukuru Allah. Hata hivyo, deni la halali nalo ni deni. Bidhaa zilizonunuliwa kwa murabaha zikiingia katika duka linalokula mtaji, zitaliwa vile vile.

Mtume (SAW) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ameacha deni, na alisita kumsalia aliyeacha deni lisilo na malipo, hadi Abu Qatada (RA) alipojitolea kulilipa deni la mmoja wao. Az-Zubayr bin al-Awwam (RA) alipouawa aliacha madeni ya 2,200,000, hakuacha dinari wala dirhamu, bali ardhi na nyumba. Hakuyaficha, alikwisha kumwusia mwanawe Abdullah auze mali na alipe. Abdullah aliiuza ardhi ya al-Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, ikapatikana 1,600,000. Akalipa, na kisha akatangaza katika Hijja kwa miaka minne kwamba mwenye kumdai az-Zubayr ajitokeze, kabla ya kuwagawia warithi. Deni lile kubwa lilikuwa linajulikana, mali ilikuwa inajulikana, na mwenye kulipa alikuwa ameusiwa.

Basi kila mwenye duka anayesoma maneno haya achague siku moja ndani ya mwezi huu, ashushe mlango, achukue daftari na kalamu, na ahesabu. Na aliyemjua ndugu aliyetoweka safuni amwendee nyumbani kwake. Ikiwa ni mdai wake, na aende vile vile, amwambie njoo tuhesabu pamoja.

Wabillahi tawfiq.